Utelezi Ndani ya Dumu

Mdogo wangu aliondoka nyumbani kwa sababu ya maziwa, na aliyemwondoa ni mimi. Nalisema hili mwanzoni kabisa, nisije nikafika katikati ya maelezo nikaanza kulilaumu dumu.

Kwetu ni Usangu, bondeni, upande wa Mbeya. Baba alishuka huko na ng'ombe kutoka kaskazini kabla sijazaliwa. Alifariki nikiwa darasa la saba, na mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minane. Ndugu walikaa kikao wakaamua kwamba ng'ombe watachungwa na baba mdogo pamoja na wa kwake, na sisi tutabaki katika nyumba ya mama tukikamua sita ili tuishi. Hakuna aliyeniambia niache shule. Lakini ng'ombe wanakamuliwa alfajiri na jioni, shule ilikuwa mbali, na mtoto wa miaka minane haachwi peke yake. Nikasema moyoni, asome mmoja wetu. Asome yeye.

Mama alihifadhi maziwa katika vibuyu. Kibuyu kikiwa kitupu alikiosha kwa maji ya moto, akakisugua ndani kwa kifagio chembamba, kisha akachoma kijiti cha mti mmoja wa porini ambao jina lake nalijua kwa Kisukuma tu. Kijiti kikishakuwa kaa alikiingiza ndani, akaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja na kukizungusha mpaka moshi ukajaa. Ukipitisha kidole ndani ulisikia ukavu unaokwaruza. Mimi niliichukia kazi ile. Macho yalinitoka machozi, viganja viliungua, na kibuyu kikianguka njiani ndiyo basi. Kituo cha kukusanya maziwa kilipofunguliwa karibu na barabara kuu, nikanunua dumu la njano la lita ishirini, lililokuwa la mafuta ya kula. Nilijiona nimeendelea. Vibuyu vya mama nikavitundika darini.

Mkono hauingii kwenye mdomo wa dumu. Tuliliosha kama watu wote walivyoyaosha ya kwao: maji ya mfereji, konzi ya mchanga, vijiwe vichache, unatikisa mpaka mabega yachoke, unamwaga. Nje nililisugua kwa sabuni mpaka likang'aa, maana pale kituoni watu wanaona nje.

Kuna mwiko mmoja lazima niueleze, kwa sababu bila huo hadithi hii haipo. Kwetu msichana akishavunja ungo, siku zake zikifika hakamui wala hagusi chombo cha maziwa. Akigusa, wanasema, maziwa yatakatika na ng'ombe atatoa damu kwenye chuchu. Mama alinifundisha hivyo mwaka mmoja kabla hajafa, na siku hizo alikamua yeye. Alipokufa hakukuwa na wa kunipokea. Mwezi wa kwanza nilikamua kwa hofu. Nilitazama kila chuchu nikingoja damu. Haikutoka. Maziwa yakapokelewa, watu wakayanywa. Mwezi wa pili sikutazama sana. Kwa miaka sita nilikamua kila siku iliyokuja, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo nilikuwa najua. Mdogo wangu alipofikia umri wake, mimi nilikuwa najua kwa mwili wangu mwenyewe kwamba mwiko ule hauna kitu.

Alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, maziwa yalipoanza kukataliwa. Pale kituoni mpokeaji huchota kidogo, akachanganya na spiriti, akatikisa. Yakitengeneza vipande, anakurudishia dumu lako mbele ya foleni nzima.

"Dada, yamekatika tena," mpokeaji aliniambia siku ya tatu mfululizo. "Mnakamua ng'ombe au mnakamua ndimu?"

Foleni ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu usipocheka ndiyo wanazidi.

Jioni ile mama mdogo, mke wa baba mdogo, alikuja akasimama mlangoni bila kukaa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi cha kina mama waliomimina maziwa yao kwenye kopo moja kubwa, na mimi nilikuwa nimeahidiwa kuingizwa.

"Mdogo wako amekua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani anamwelekeza?"

"Mimi."

"Na wewe uliwahi kuelekezwa?"

"Na mama. Kabla hajafa."

"Basi unajua la kufanya. Watu wameanza kusema nyumba hii haina miiko. Mimi nitamimina vipi maziwa yangu pamoja na yenu?"

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache: mama, mimi nakamua kila siku, mwaka wa sita huu. Badala yake nikasema, "Nimekusikia, mama."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba anaosha dumu. Alisikia kila kitu. Mama mdogo alipoondoka akaniita.

"Dada, hebu weka kidole hapa. Ndani kidogo, kwenye shingo."

"Niweke kidole kufanya nini?"

"Weka tu."

Niliweka. Palikuwa panateleza, utelezi mwembamba ambao huuoni kwa macho.

"Unaona? Kama kambale," alisema. "Nimetikisa mchanga mara nne na bado. Si mimi dada, ni humu ndani. Hata meno asubuhi si yanateleza hivi hivi? Bibi wa pale jirani anasukutua majani ya mpera, anasema yanatoa ule utando. Tuchemshe majani tumwage humu."

"Kambale ni mikono yako," nilimwambia.

Aliiangalia mikono yake. Sijui kwa nini nilichagua maneno yale. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeaibishwa, lakini watu wengi huchoka na kuaibishwa na hawasemi hivyo.

Tangu siku ile nikamkataza kukamua. Yeye kwa siri alichemsha majani ya mpera, akamimina maji yale yakiwa ya moto ndani ya dumu, akayaacha mpaka alfajiri, akamwaga na kusuuza kabla sijaamka. Maziwa ya asubuhi ile yakapokelewa. Ya siku ya pili pia. Mimi nilitembea kutoka kituoni nimeinua kichwa: nimemtoa msichana, maziwa yamepona. Siku ya tatu niliwahi kuamka, nikalikuta dumu lina maji ya kahawia na ukuta wake wa ndani umeingia rangi. Nilimwaga, nikamzaba kofi.

"Umeninyima maziwa ukaona haitoshi, sasa unaniharibia na chombo?"

"Lakini yamepokelewa, dada. Siku mbili."

"Yamepokelewa kwa sababu hukugusa."

"Niligusa. Niliosha mimi."

Hilo lilikuwa jibu sahihi kabisa, na mtu yeyote aliyekaa darasani hata miaka miwili angelisikia. Mimi sikutaka kulisikia. Wiki iliyofuata maziwa yakakatika tena, na mama mdogo akasema hata msichana kuvuka kamba ya ndama kunatosha kuharibu. Shangazi yetu aliyeolewa Mafinga alikuwa anatafuta msichana wa kumsaidia kupika. Angemwandikisha shule huko huko, alisema. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Nilimsindikiza Igawa kupanda basi. Alikuwa amepanga sare ya shule juu kabisa kwenye mfuko, ili isikunjamane. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Likizo nirudi?" Nikamwambia tutaona.

Siku hiyo hiyo, kwa kuwa nilikuwa dukani na mdomo wa dumu la zamani ulikuwa umepasuka, nilinunua dumu jipya. Maziwa yakakaa vizuri miezi mingi. Mama mdogo akanipokea kikundini. Kila mtu alikuwa na ushahidi wake. Na mimi, niliyekuwa nakamua siku zangu zote kama kawaida, nikaufanya ushahidi wao kuwa wangu.

Shangazi hakumwandikisha shule. Mwaka wa kwanza alisema nafasi zimejaa, wa pili akasema mtoto mwenyewe hataki tena. Mimi sikwenda kuuliza. Nilituma salamu na magunia ya mchele.

Miaka ikapita. Lile dumu jipya likazeeka, maziwa yakawa yanakatika siku moja moja, kisha mara kwa mara, siyo yangu peke yangu bali ya kikundi kizima, na sasa nyumbani kwangu hapakuwa na msichana wa kumtoa. Mwaka jana akaja binti mmoja kutoka chuo fulani Mbeya mjini, amebeba boksi lenye barafu na vijiti vyenye pamba. Alitaka mambo mawili: madumu yetu ya zamani na miti yetu. Hiyo ya pili iliwashangaza wazee. Alitaka kujua tunachoma mti gani kwenye vibuyu, tunasukutua majani gani, tunaweka nini kwenye kidonda kinachotoa usaha.

"Mwanangu, umesoma mpaka chuo ili uje kuokota majani?" mama mdogo alimtania.

"Ndiyo hivyo, bibi. Mshahara wenyewe ni majani."

Aliomba ruhusa akate dumu langu. Alilipasua kwa msumeno kuanzia shingoni mpaka kitakoni, akalifungua kama papai. Sote tuliinama. Ndani, kwenye kona na chini ya mshikio, kulikuwa na utando wa rangi ya majivu uliochanganyika na njano, na ukutani kote kulikuwa na mikwaruzo myembamba, maelfu.

"Hii ni ya nini?" aliuliza, anapitisha ukucha kwenye mikwaruzo.

"Mchanga," nilisema. "Tunaoshea mchanga."

"Basi mnawachimbia misingi," alisema kwa upole. Akaeleza kwamba bakteria mmoja mmoja ukimmwagia sabuni anakufa, lakini wakishika mahali penye mikwaruzo kama pale hukaa pamoja wakatoa ute, wakajifunika nao. Dawa inapita juu, wao wapo chini. Ukimwaga maziwa mapya, wanashuka humo. Kazi yake chuoni ilikuwa kuchukua vitu vya asili, majani ya mpera, kitunguu saumu, karafuu, moshi wa miti ile ya vibuyu, kutoa ndani yake kile chenye nguvu, na kuona kipi kinawazuia wasishike na kipi kinabomoa wakishashika. Alisema mengine yanafanya kazi kwenye chupa yao ndogo ya maabara na yakifika kwenye dumu yanashindwa. Hakujifanya anajua yote, na labda ndiyo maana nilithubutu.

"Na mikono ya msichana aliyevunja ungo? Inaweza kukata maziwa?"

Alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mikono michafu ya mtu yeyote inaweza," alisema. "Ya mwanamume pia. Siku za mwanamke hazihusiki."

Kina mama waliangalia chini. Mama mdogo alisema wasomi wana mambo yao. Mimi nikamwambia yule binti kwamba mtu mmoja hapa aliwahi kuchemsha majani ya mpera akayamwaga kwenye dumu, na maziwa yalipona siku mbili. Akafungua daftari haraka.

"Nani? Aliyaacha muda gani? Maji yalikuwa ya moto?"

"Mdogo wangu. Alikuwa mtoto."

"Inawezekana ni maji ya moto, inawezekana ni majani, inawezekana yote," alisema. "Lakini alifikiri vizuri sana huyo mtoto. Anasoma wapi sasa?"

Nilisema nakwenda kutazama ndama.

Kesho yake nilifunga kipande cha lile dumu kwenye gazeti nikapanda basi la kwenda Iringa. Njia yote kupitia Makambako nilipanga maneno. Mafinga nilishuka kwenye baridi na harufu ya mbao mbichi, nikauliza watu mpaka nikafika kwenye kibanda chake nyuma ya viwanda vya kupasulia mbao. Kilikuwa chake mwenyewe sasa, si cha shangazi. Vijana wenye vumbi la mbao hadi kwenye kope walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Mama ntilie, maharage yako leo yana hasira!" mmoja alipaza sauti.

"Yamekuiga wewe," alijibu bila kugeuka. "Lipia kwanza uje ulalamike."

Kisha akageuka akaniona. Aliweka upawa chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo mbele ya watu wote.

"Shikamoo, dada."

Hapo maneno yangu yote yalipotea. Niliitika marahaba, nikakaa mwisho wa benchi, nikanywa chai aliyonipa. Wateja walipopungua ndipo alipokaa. Nilifungua gazeti nikamwonyesha, nikamweleza aliyosema yule binti wa chuo, mchanga, mikwaruzo, utando, majani. Nikamwambia alikuwa sahihi, na mimi nilikosea, na nimekuja kuomba msamaha.

Alikishika kile kipande, akapitisha kidole.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia."

"Kwa hiyo umekuja kwa sababu msomi amesema."

Akakirudisha mezani, akakisogeza upande wangu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayerudisha sahani ambayo haikuoshwa.

"Dada, dumu nilishalisamehe zamani. Hujui kitu, unakosea, basi. Kitu kingine ndicho sijaelewa mpaka leo." Sauti yake ilishuka, kwa sababu kijana mmoja alikuwa bado anakula. "Wewe ulikuwa unakamua siku zako. Nilikuwa naona vitambaa vyako. Ulikuwa unavianika nyuma ya zizi chini ya gunia, halafu unachukua ndoo unaingia kwa ng'ombe. Kila mwezi. Nilijua tangu niko darasa la tano."

Nilisikia masikio yanawaka.

"Kwa nini hukusema? Siku ile mama mdogo alipokuja, ungesema."

"Niseme ili iweje? Wangetutoa wote wawili. Mimi nilikuwa na mahali pa kupelekwa. Wewe ungekwenda wapi, na ng'ombe wa baba?" Alinyanyuka, akaanza kukusanya vikombe. "Nilidhani utasema mwenyewe. Mpaka basi linaondoka pale Igawa nilikuwa nakuangalia dirishani, nikidhani utasema."

Nilianza kulia na yeye hakunizuia. Aliosha vikombe vyote kwanza. Nilimwambia arudi nyumbani, nusu ya ng'ombe ni yake, tutatafuta namna ya yeye kusoma hata sasa. Akatabasamu kidogo.

"Nirudi nikiwa nani? Yule aliyekatisha maziwa? Kule mimi bado ndiye huyo. Ukiniomba msamaha hapa Mafinga nyuma ya viwanda vya mbao, nani amesikia? Huyu?" Akamwonyesha yule kijana, ambaye aliinamia sahani yake. "Usiniambie mimi, dada. Mimi najua. Waambie wale."

Kikundi chetu hukutana mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya maziwa kuondoka. Nilikwenda mikutano miwili nikarudi bila kusema. Nayaandika haya ili nisijifanye shujaa. Nilikuwa sasa msaidizi wa mama mdogo, nilikuwa na heshima yangu, na kulikuwa na wasichana wawili wa kikundi hicho waliokatazwa kugusa maziwa na mimi mwenyewe nikiwa nimekaa pale natikisa kichwa kukubali. Mkutano wa tatu mama mdogo aliuliza kama kuna mengineyo, nikasimama.

Nilisema kwamba mdogo wangu hakuharibu maziwa. Wakasema hilo yule binti wa chuo alishalieleza. Nikasema sijamaliza. Nikasema mimi nimekamua siku zangu zote tangu mama alipofariki, hata mwezi huu, hata wiki hii, na maziwa hayo nimeyamimina kwenye kopo letu na sote tumeyanywa. Na kwamba siku namfukuza mdogo wangu nilikuwa nalijua hilo, na nilinyamaza ili nipate nafasi kikundini.

Mama mmoja kijana alianza kucheka, akaziba mdomo, na machozi yakamtoka, na nilijua kwa jinsi alivyonitazama kwamba na yeye anakamua siku zake. Wawili waliondoka. Mama mdogo alikaa akiangalia mikono yake mwenyewe, imelala kwenye magoti.

"Ungeniambia mimi siku ile," alisema hatimaye.

"Ungenitoa, mama."

"Ningekutoa," alikubali. "Kaa chini." Kisha, bila kunitazama: "Mtoto wa watu hakusoma."

Alisema hivyo tu, na ni yeye wa kwanza kulisema kwa sauti katika miaka yote ile.

Kutoka mkutanoni nilimpigia simu mdogo wangu. Nyuma yake nilisikia sahani na misumeno ya mbali.

"Umesema yote?"

"Yote."

"Na ile ya kwamba ulikuwa unajua?"

"Na hiyo."

Nilisikia akiweka sahani chini.

"Walisema nini?"

"Wawili wameondoka. Mama mdogo amesema hukusoma."

"Haya," alisema. Kuna mtu alimwita akitaka ugali, akamjibu asubiri. "Huyo binti wa chuo, mpe namba yangu. Mwambie maji yalikuwa yanachemka, na majani yalikuwa machanga, ya juu. Ukimwambia wewe utakosea."

Nikamwambia nitampa. Sikumwuliza kama atarudi. Akakata simu, alikuwa na wateja.